Nilivyofundisha Majina ya Sehemu za Jahazi Nikiwa Nairobi

Ninafundisha Kiswahili katika shule ya sekondari hapa Nairobi, na hakuna methali iliyonisumbua darasani kama hii: "Enda tezi na omo, marejeo ni ngamani." Tezi ni nyuma ya chombo na omo ni mbele yake. Wanafunzi walikariri maana yake ya jumla, kwamba hata uende wapi mwishowe utarudi ulikotoka, wakapata alama zao, lakini hakuna aliyejua ngama iko wapi chomboni, wala mimi sikuridhika kuwaacha hivyo.

Mwalimu mwenzangu alinishauri niwape orodha ya kamusi waikariri kwa mfuatano wa alfabeti. Ushauri huo unaniudhi hadi leo. Feuli, mkuku, ngama, omo, shetri, taruma, tezi: yakipangwa hivyo, majina hayo hayaonyeshi kipi kimeshikana na kipi, na mtoto ambaye hajaiona bahari huyasahau kabla ya mtihani kufika.

Aliyenifungua macho ni mzee mmoja wa Majengo, Pumwani, aliyekuwa baharia Lamu ujanani mwake. "Mwalimu," aliniambia, "jahazi hulijui mpaka uliunde." Basi nikanunua mabaki ya mbao Gikomba kwa shilingi mia chache, tukaunda chombo kidogo darasani kwa sharti moja, kwamba sehemu isitajwe kabla haijapachikwa mahali pake. Tulianza kwa kulaza mkuku, mti mrefu wa chini unaobeba chombo kizima, tukasimamisha fashini, yaani miti ya wima ya miisho ya chombo: fashini ya omo mbele na fashini ya tezi nyuma, ambayo ndiyo inayoshika usukani. Tukapanga mataruma, yaani mbavu za chombo, kisha tukazipigilia mbao. Tezini tukainua shetri, yaani sitaha iliyoinuka ya nyuma, na chini yake tukaacha feuli ya kuwekea vitu. Tulitumia misumari midogo, ingawa niliwaeleza kwamba mtepe, chombo cha zamani cha Lamu, haukuwa na msumari hata mmoja, kwa kuwa mbao zake zilishonwa kwa kamba za makumbi ya nazi.

Hila ninayojivunia ilikuja kabla ya kukalafati, yaani kuziba nyufa za mbao. Kwa makusudi niliacha nyufa kati ya mbao wazi, nikakiweka chombo ndani ya beseni la maji, nikawaomba wanafunzi wasogee na kutazama bila kusema neno. Maji yakapenya, mengine karibu na omo, mengine karibu na tezi, lakini yote yakateremka na kukusanyika chini kabisa, juu ya mkuku. "Hapo yalipotuama," nikawaambia, "ndipo ngamani." Msichana mmoja akaitamka methali nzima bila kuulizwa, kisha akaeleza mwenyewe kwamba baharia, hata akizunguka chombo chote, lazima ashuke huko kufua maji, yaani kuyachota na kuyamwaga nje. Tulipoziba nyufa kwa pamba iliyolowekwa mafuta, neno kukalafati halikuhitaji maelezo yoyote.

Goshi na demani nawasihi walimu wenzangu wayafundishe mwisho, tanga likishapandishwa. Goshi ni upande upepo unakotoka na demani ni upande wa pili, kwa hiyo chombo kikigeuka, pande hizo nazo hubadilishana. Anayewaambia wanafunzi kwamba ni kulia na kushoto anawapotosha. Sisi tulitumia tanga la karatasi, mwanafunzi mmoja akapuliza huku mwingine akikigeuza chombo, na darasa zima likataja goshi ilipo kila kilipogeuzwa.