Mapendekezo ya wenzangu wa kazini kwa Juni hii

Kikao chetu cha mwisho wa Mei kina mwisho wake wa peke yake. Taarifa zikishasomwa na kazi zikishagawanywa, kiongozi wa timu anafunga kompyuta na kumuuliza kila mmoja: huku kwetu kaskazini joto linaanza, jioni zimerefuka, utafanya nini na watu wako? Swali si la wenye likizo tu. Likizo za wengi wetu ni Agosti, na wapo ambao mwaka huu hawana hata siku. Linahusu zile saa chache za baada ya kazi na za wikendi, ambazo zisipopangiwa jambo huishia kwenye simu.

Nayapenda majibu haya kuliko orodha yoyote ya mtandaoni. Orodha ya filamu hamsini za msimu hainijui. Haijui kwamba nina binti wa miaka tisa asiyekaa kitako, wala kwamba tunaishi na mama mkwe wangu ambaye macho yamepungua nguvu. Wenzangu wanajua. Wameniona nikitoka kikaoni kupokea simu yake. Mmoja wao akinishauri kitu, ananiambia na saa ya kukifanya, nani akae wapi, na tuache wakati gani. Hayo ndiyo ninayoyahitaji. Jina la kitu peke yake halinifikishi popote.

Mzee wetu wa uhasibu, aliyebakiza muda mfupi kustaafu, mwaka jana alinipa la nyota. "Mwanangu," aliniambia, "huyo mjukuu wangu usimlaze mapema Juni. Mlaze mchana, usiku umtoe nje." Kisha akachukua karatasi akaichora dunia na mhimili wake ulioinama kwa nyuzi 23.4 hivi. Juni sisi wa kaskazini ndio tulioelekezwa juani, ndiyo maana mchana mrefu kuliko yote ni wa tarehe 21 au hapo karibu. Jambo ambalo wengi hawaliangalii ni kwamba jua huendelea kuchelewa kuzama kwa siku chache baada ya tarehe hiyo, ingawa asubuhi limeshaanza kuchelewa kuchomoza. Basi kwa wengi wetu jioni ndefu kabisa ni zile za wiki ya mwisho ya Juni, na giza la kutazama nyota linaingia usiku umeshakwenda. Mtoto aliyelala mchana anafika huko akiwa macho.

Alituelekeza kwenye huduma ya NASA inayotaja saa ambazo kituo cha anga cha kimataifa kitapita juu ya mahali ulipo. Kituo hicho hakijawahi kukosa watu ndani yake tangu Novemba 2000. Kiko juu yetu kilomita 400 hivi na kinaizunguka dunia kwa takriban dakika 90. Kwa walio mbali kaskazini, Juni ndiyo mwezi wa kukitazama, kwa sababu kule juu jua linakifikia karibu usiku kucha. Unaweza kukiona kikipita, ukasubiri saa moja na nusu, kikapita tena. Ni kama nyota kali inayotembea. Hakipepesi, wala hakina taa nyekundu za ndege.

Tulitoka uani. Mama mkwe alikaa kwenye kiti, binti akasimama nyuma yake amemshika mabega. Bibi hawezi kuona kitu kidogo namna ile, kwa hiyo mtoto akawa mtangazaji. "Kimetokea, Bibi, kule magharibi. Kinapanda. Kinakuja kwetu. Sasa kiko juu ya paa, kinang'aa kweli. Kinashuka, kinashuka... kimeingia nyuma ya miti!" Mama mkwe akauliza, "Na hao waliomo ndani wanatuona sisi?" Binti akasema kumeshaingia giza mno. "Basi tuwapungie hivyo hivyo," akajibu, na wote wawili wakanyoosha mikono upande kilikokwenda.

Mzee aliongeza jingine ambalo nalipenda zaidi: mtafutie kila mtu nyota ya umri wake. Nuru ya Altair imesafiri miaka 17 hivi mpaka kutufikia, ya Vega miaka 25, ya Arcturus kama 37. Arcturus ndiyo rahisi kuipata Juni. Fuata mpini wa lile kundi la nyota saba lenye umbo la kata, endelea na upinde wake, utafika kwenye nyota yenye rangi ya machungwa. Shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, alikuwa na miaka 37. Binti alimpigia simu usiku ule ule kumwambia atoke nje, kuna nuru iliyoanza safari mwaka aliozaliwa na ndiyo kwanza inafika. Akatoka. Walikaa kwenye simu muda mrefu, mmoja akimwelekeza mwenziwe.

Tamthilia zilitajwa pia, nyingi, na kazini kwetu wapo mabingwa wa kuchagua. Sina ugomvi nazo. Ila kuna mwenzetu aliyeshauri kila mtu achague yake, avae spika zake za masikioni, nyumba itulie, na hapo sikukubali. Nyumba itatulia, ndiyo, lakini tutakuwa sebule moja huku kila mtu yuko kwake. Jioni za namna hiyo tunazo za kutosha miezi mingine.

Kijana wa idara ya ubunifu, anayeishi na baba yake, alikuwa na dawa ya hilo: kusikiliza kitabu pamoja. Ana masharti yake. Taa zizimwe, madirisha yafunguliwe, watu walale chini kama wanataka, na isomwe sura moja tu. Sura ikiisha, zima, hata wakikulalamikia. Anasema kesho yake ndio watakaokuita wewe. Wao husikiliza LibriVox, iliyoanza 2005, ambapo watu wa kujitolea husoma kwa sauti vitabu ambavyo muda wake wa hakimiliki umekwisha. Kusikiliza ni bure, ila vingi ni vya Kiingereza. Sisi tukaamua kusoma wenyewe kwa Kiswahili. Binti anasoma, bibi anasikiliza, na mtoto akiteleza kwenye neno, sauti kutoka kwenye kochi inamrudisha taratibu. Tangu tuanze, usomaji wake umebadilika kuliko miezi yote ya kumsimamia mazoezi ya shule mezani. Ana msikilizaji anayetaka kujua mbele kuna nini, na kwa mtoto hiyo ni sababu tosha.

Kwa wanaoamka mapema, dada mmoja wa masoko alitaja ndege. Alfajiri za mwanzo wa kiangazi ndizo zenye kelele nzuri, kwa sababu ni majira ya kuzaliana: madume wanaimba kulinda eneo na kuita majike. Mwisho wa Julai wengi wao wameshanyamaza, kwa hiyo hili halisubiri likizo ya Agosti. Anatumia programu ya Merlin, ya maabara ya ndege ya Chuo Kikuu cha Cornell, ambayo husikiliza kwa kipaza sauti cha simu na kukuonyesha jina la ndege anayeimba. Ukishapakua orodha ya ndege wa eneo lako, inafanya kazi hata bila intaneti. Ushauri wake ni huu: kaeni kwanza kimya mkisikiliza kwa masikio yenu, kila mtu ahesabu sauti ngapi tofauti amezisikia, halafu ndipo simu ifunguliwe. Mama mkwe anatushinda sote. Anatenganisha sauti ambazo mimi huzisikia kama moja mpaka anielekeze.

Chemshabongo ya vipande elfu moja, ile ya kuunganisha picha, ilitajwa na watu wawili. Sharti lao ni meza ambayo haitumiki kwa kitu kingine, apitaye aweke kipande aende zake. Nyumbani kwetu meza ya namna hiyo hakuna. Nawaachia wenye nafasi.

Dada wa mapokezi huwa wa mwisho kusema. Mwaka huu alisema hatakwenda popote: atakaa na mama yake, watoe boksi la picha, waandike majina. Chumba kizima kilinyamaza, maana nadhani kila mmoja wetu alilikumbuka boksi lake. Baadaye nilimfuata mezani kwake kumwuliza anavyofanya. "Mdogo wangu, usianze na boksi zima," akaniambia. "Chukua picha chache, kumi zinatosha sana. Mtu mzima akichoka anaanza kukukubalia kila jina unalomtajia." Huandika nyuma ya picha, ukingoni, kwa penseli laini na bila kukandamiza, kwa sababu wino hupenya na mkono mzito huacha alama upande wa pili. Picha za baadaye, zile zenye mgongo unaoteleza kama plastiki, penseli haishiki. Hizo huziweka kwenye bahasha, na bahasha huiandika kabla ya kutia picha ndani. Simu anaiweka pembeni inarekodi. Jina litakaa nyuma ya picha, lakini namna mama anavyolitaja na kicheko kinachofuata vinahitaji sauti.

Nikajiuliza kwetu itakuwaje, ikiwa mwenye majina haoni picha. Tulijaribu Jumapili iliyopita. Binti alishika picha karibu na dirisha akaieleza: "Bibi, kuna mwanamke mrefu, ana gauni la vitone, amembeba mtoto, na nyuma kuna baiskeli imeegemezwa ukutani." Mama mkwe hakujibu haraka. Aliuliza baiskeli ina kiti cha nyuma au haina. Ina. "Basi huyo ni shangazi yake babu yako, na mtoto ndiye baba yako. Hiyo baiskeli ilikuwa ya kuazima, ilirudishwa siku ile ile." Mume wangu alikuwa jikoni. Alikuja amelowa mikono akasimama mlangoni. Picha hiyo ameiona maisha yake yote, na hakujua kwamba mtoto yule ni yeye. Tukaiandika nyuma: jina, jina, na neno baiskeli.

Nafasi ya mwisho naiachia mpira, kwa sababu mwaka huu hauepukiki. Kombe la Dunia linaanza Alhamisi tarehe 11 Juni na kuisha 19 Julai, Marekani, Kanada na Meksiko, na kwa mara ya kwanza lina timu 48 na mechi 104. Nyumba yenye shabiki mmoja na wengine watatu wasiojali inaweza kugawanyika wiki zote hizo. Mwenzetu wa ghala, mwenye watoto wengi wa rika tofauti, ametupa njia yake: andika timu zote kwenye vikaratasi, tia kwenye kofia, kila mtu aokote sawasawa. Sisi ni wanne, kwa hiyo ni timu 12 kila mmoja. Kila timu uliyookota lazima uionyeshe kwenye ramani na useme jambo moja la kweli kuhusu nchi hiyo kabla ya mechi yake ya kwanza. Asiyejua mpira anakuwa na cha kumfanya aulize matokeo asubuhi. Na hilo la asubuhi ni muhimu, maana kwa wengi wetu mechi nyingi zitachezwa usiku wa manane. Shauri lake ni mchague chache za kutazama pamoja moja kwa moja, zilizobaki muulizane matokeo kwenye chai, bila mtu kukesha peke yake.

Timu ngeni ndizo zinazonifurahisha. Cape Verde, Jordan, Uzbekistan na Curaçao zinashiriki kwa mara ya kwanza, na Curaçao ndiyo nchi yenye watu wachache kuliko zote zilizowahi kufuzu, haifiki hata watu laki mbili. Nilipomsomea mama mkwe hilo la Curaçao, alinitaka nirudie idadi. Halafu akasema hiyo timu ni yake na isitiwe kwenye kofia. Binti anadai kanuni ni kanuni, kila mtu aokote. Mume wangu hataki kuingilia. Vikaratasi vimeshakatwa, tunaokota Jumatano usiku, na kesho yake Meksiko wanafungua na Afrika Kusini. Hadi naandika hapa, karatasi ya Curaçao haimo kwenye kofia na hakuna anayekubali kusema iko wapi.