Mchele wa fidia

Dada yangu alifika kwangu Bombo, Uganda, siku mbili kabla ya Ramadhani. Alishuka kwenye basi la kutoka Arua na mkoba mmoja wa nguo na gunia la mchele la kilo 25. Nikadhani ni wa futari. Akalisukuma chini ya kitanda changu, akasema, "Huu ni wa fidia yako, mdogo wangu. Kibaba kwa kila siku. Usijitese kufunga."

Nilimshukuru, na shukrani yenyewe ilitoka moyoni. Mtu aliyebeba gunia usiku kucha kwa ajili yako utamwambia nini? Lakini usiku ule nililala juu ya mchele huo bila kupata usingizi. Madrasa tulisoma wote wawili, chuo kimoja, mwalimu mmoja. Fidia hutolewa na mzee ambaye nguvu hazimrudii tena, na mgonjwa ambaye kupona kwake hakutarajiwi. Dada hakusema kwamba nakufa. Mchele ndio uliosema.

Titi langu la kushoto lilikatwa mwezi wa tisa. Baada ya kidonda kupona zikaja dripu nane za dawa ya saratani, moja kila baada ya siku 21, pale Taasisi ya Saratani, Mulago, Kampala. Natoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri, taksi inapita Matugga, Kawempe, nashukia Bwaise napanda boda. Taasisi hiyo ilianzishwa mwaka 1967 kwa ajili ya watoto wenye uvimbe wa taya, na leo kwenye benchi lake unakaa na watu wa kila upande. Mimi nilikaa na mama kutoka Bunia, mzee kutoka Juba, na mke wa askari wa Gulu. Kilichotuunganisha ni Kiswahili, kila mmoja na chake. Mama wa Bunia ndiye aliyenifundisha kunyonya vipande vya barafu dripu inapoingia, ili mdomo usichubuke.

Dripu nne za kwanza ni ile dawa nyekundu, ambayo hata mkojo unatoka mwekundu. Ilichukua nywele, na nywele sikuzililia sana kwa sababu siku zote navaa mtandio. Nne za mwisho zilichukua vidole. Ganzi ilianzia nchani ikapanda, kucha zikawa nyeusi. Mimi ni fundi cherehani, mwaka wa 22 sasa, na Ramadhani ndiyo msimu wangu: kanzu, gauni za watoto, gurbaba za mabibi, lile vazi la wanawake wa Kinubi. Mwaka huu sindano ilinitoboa kidole sikuisikia. Nilijua nilipoona damu kwenye kanzu nyeupe ya mtu. Nikaifunika cherehani.

Nilifunga siku tatu za kwanza kwa ukaidi. Siku ya nne nikaanguka nikielekea bafuni, na dada akanikoroga uji saa nne asubuhi, akanishikia kikombe, machozi yakinitoka kwa aibu ya kula mchana wa Ramadhani.

Kesho yake nilikwenda kwa sheikhe wetu. Nilimweleza yote, pamoja na gunia lililo chini ya kitanda. Akaniuliza, "Mama, daktari amesemaje?"

Nikamwambia, "Amesema nikimaliza dripu na tiba ya miale, ana matumaini makubwa nitapona, inshallah."

"Basi huna fidia. Wewe unadaiwa siku. Kula, kunywa dawa, ukipata nguvu utazilipa mwenyewe."

Aliniambia kwa sauti ile ile anayomwambia mwanamke aliyejifungua juzi, kisha akageukia mtu mwingine aliyekuwa akisubiri. Lakini mimi nilishindwa kusimama. Aya ya 184 ya sura ya Bakara naijua tangu utotoni, kwamba mgonjwa atimize hesabu katika siku nyingine. Siku nyingine! Miezi sita watu walikuwa wakiniombea, wakinipa pole, wakinishika mkono kwa huruma. Sheikhe alinipa deni, na hakuna anayemkopesha mtu ambaye hatarajii kumwona tena.

Nyumbani nilitoa daftari langu la wateja, lile ninaloandika nani ameacha shilingi ngapi na bado ngapi. Kwenye ukurasa mpya nikaandika jina langu, na chini yake: siku 27.

Dada aliposikia aliketi kitandani akalia. Alisema hakuwaza hivyo kabisa, alitaka tu nipumzike. Najua. Mchele tulikubaliana uwe zaka ya fitri. Hiyo hutolewa kwa ajili ya kila aliye hai jua la mwisho la Ramadhani linapozama, pishi moja kwa kila mtu, karibu kilo mbili na nusu. Nyumba yetu ni watu saba. Dada alipima mwenyewe, na pishi yangu aliipima ya kwanza.

Kilo saba na ushee zilizobaki zikawa pilau ya Idd. Dripu ya nane niliipata siku kumi kabla, wakati ule ambao chembe nyeupe za damu, zile za kukinga mwili, huwa chini kabisa, na nesi alikuwa amenikataza mikusanyiko, kachumbari na kukumbatiwa. Kwa hiyo sikwenda kuswali Idd. Nilikaa barazani na gurbaba yangu ya kijani, nikasikia takbira kwa mbali, nikaziitikia peke yangu. Sigiri mbili ziliwashwa nyuma ya nyumba. Harufu ya bizari nyembamba ambayo miaka yote ndiyo Idd yenyewe kwangu, mwaka huu ilinichefua nikaziba pua. Nilionja vijiko viwili, vikawa na ladha ya chuma, kama nimeramba ufunguo.

Wageni walikuja wakakaa mbali nami kama walivyoambiwa, sauti zimeshushwa kama watu wa tanga. Sina lawama nao. Ila walionifurahisha ni watoto wa mtaa. Walikuja mbio, vumbi hadi magotini, viatu vipya mkononi, wakapiga kelele langoni, wakiniita bibi kwa Kinubi: "Haboba, Idd Mubarak! Sikukuu yetu!" Mmoja aliuliza kucha zangu nimezipaka hina gani. Nikamwambia ya Mulago. Akasema ni nzuri. Kila mmoja alipata sarafu ya shilingi 500, na wawili walirudi mara ya pili wakidhani sikuwaona.

Mwezi uliofuata nilianza miale, siku 15, Jumatatu hadi Ijumaa. Nilipolala chini ya ile mashine niliwakumbuka waliougua mwaka 2016, mashine ya miale ya Mulago ilipoharibika kabisa, na mpya ikapatikana mwanzoni mwa 2018. Niliwaombea dua, kila siku, wale waliokuwa zamu yao wakati huo. Ngozi ya kifua iliungua ikawa nyeusi, ikabanduka, na sasa imeanza kulainika.

Wiki iliyopita daktari alisoma majibu ya damu akasema naweza kujaribu siku moja, nikisikia kizunguzungu nifungulie hapo hapo. Alhamisi nikala daku peke yangu, taa ya jikoni tu. Mchana nilifunua cherehani nikashona pindo moja polepole, kidole gumba kimeanza kusikia kitambaa. Ilipokaribia saa moja jioni dada alipiga simu kutoka Arua, hakusema kitu kingine: "Umefika?"

"Bado dakika tatu," nikamwambia.

Tukangoja pamoja, simu mkononi. Adhana ilipoanza niliuma tende. Nilitafuna, nikatulia, nikatafuna tena. Ilikuwa tamu. Nikamwambia dada ni tamu, akaniuliza tamu vipi, nikamwambia tamu ya tende.

Bado siku 26.