Glavu ndani ya mtungi

Leo zahanati, muuguzi alipochomoa glavu za mpira, harufu ya ule unga wake ilinirudisha maabara, kwenye mtungi wa kioo na kipande cha chaki.

Kidato cha pili waliuliza kwa nini Alexei Leonov, mwanaanga wa Kisovieti aliyekuwa mtu wa kwanza kutoka nje ya chombo angani, nusura ashindwe kurudi chomboni tarehe 18 Machi 1965, naye alikuwa nje kwa dakika 12 tu. Tukaamua waone kwa macho. Pampu ya baiskeli hugeuka ya kunyonya ukiigeuza ile ngozi ya ndani mdomo utazame mpini, na valvu nayo ukaigeuza. Kwanza tulijaribu ndoo ya plastiki, ikabonyea mara moja. Tukachukua mtungi mnene wenye tundu la pembeni, tukauzungushia kitambaa usije ukapasuka, tukatia chaki ndani, kisha tukavisha glavu mdomoni, vidole vikining'inia ndani, na kuifunga kwa vipande vya tyubu.

Msichana mmoja akaingiza mkono, wenzake wakavuta pampu. Glavu ikatuna. Vidole vikanyooka, kiganja kikavimba kama andazi. Alipojaribu kukunja kidole, kilirudi chenyewe. Ndivyo ilivyo: ukikunja kiungo kilichojaa hewa unapunguza nafasi yake, kwa hiyo kila mkunjo ni kuigandamiza ile hewa. Suti ya Leonov nayo ilituna hivyo; hewa ndani yake ilikuwa na takriban 0.4 ya mgandamizo wa angahewa. Ilibidi afungue valvu apunguze mgandamizo huo, huku akijua damu inaweza kufanya mapovu ya naitrojeni.

Yule binti akatoa mkono, akaomba uzi. Akafunga kila kidole penye kiungo, vikawa kama pingili za mua, akapitisha utepe kiganjani. Sikuwa nimemwambia kwamba Russell Colley, mbunifu wa suti wa kampuni ya mpira ya Marekani B.F. Goodrich, alimtazama kiwavi wa mnyanya anavyojikunja, wala kwamba glavu za Apollo, safari za Wamarekani za mwezini, zilikuwa na kizuizi cha kuzuia kiganja kisivimbe. Penye kiuno chembamba hewa inayohamishwa ni kidogo, mkunjo unakuwa mwepesi. ILC, kampuni ya kule Dover, Delaware, Marekani, iliyoshona suti za Apollo, walikwenda mbali zaidi: viungo vya mpira vyenye mikunjo kama ya kodiani, na waya pembeni kuzuia visirefuke, ili nafasi ya ndani ibaki karibu ile ile mkono ukikunjwa au ukinyooshwa.

Tukavuta tena pampu. Safari hii vidole vilikunjika. Akaibana chaki, akainua. Darasa likahesabu kwa sauti. Walipofika kumi na moja misuli ya mkono ilikuwa inatetemeka, chaki ikaanguka.

"Mwalimu, kwani uzi niukaze zaidi, au niuongeze?"

Nilimjibu papo hapo. Hadi leo sijui kama ningenyamaza angefika wapi.