Herufi sita za KARIBU

Kompyuta ikiwashwa haiulizi kama mfumo wako ni mzuri. BIOS, programu iliyomo ndani ya mashine ya kuianzisha, inachukua sekta ya kwanza ya diski, baiti 512 tu, inaiweka kwenye anwani 0x7C00, kisha inatazama baiti mbili za mwisho. Ikikuta 55 na AA, inakuachia usukani. Isipozikuta, hata kama umeandika keneli (kiini cha mfumo) ya ajabu, kwake hiyo ni diski tupu.

Hata hiyo 0x7C00 ina historia yake. Waliotengeneza IBM PC ya mwaka 1981 walipiga hesabu ya mashine yenye kumbukumbu ya KB 32, wakaisukuma sekta hiyo kwenye kilobaiti ya mwisho ili nafasi ya chini ibaki wazi kwa mfumo. Leo watu wana GB 8 na BIOS bado inaanzia palepale. Mimi ukaidi wa namna hiyo naupenda.

Najua, badala ya kuiandika sekta hiyo mwenyewe ningetumia GRUB, programu iliyo tayari ya kupakia keneli. Unaweka namba 0x1BADB002 ndani ya baiti 8,192 za mwanzo wa keneli, pamoja na bendera na hesabu yake ya kuhakiki, na GRUB inakufikisha kwenye hali ya prosesa ya biti 32 bila jasho. Anayetaka kuandika keneli afanye hivyo, asipoteze usiku wake. Mimi nilitaka kuipita njia yenyewe kwa miguu.

Kwa hiyo niligawa safari katika herufi: kila hatua ikipita, herufi moja inatokea kwenye skrini. Nimekulia kambi ya polisi Nsambya, ambako Kiswahili ndicho tulichochezea mpira, na neno lilikuja lenyewe: KARIBU. K inatokea sekta ikianza tu kufanya kazi. A, rejista (vihifadhi vidogo vya prosesa) za segmenti na staki zikishapangwa. R, sekta zinazofuata zikishasomwa kutoka diskini. I, laini ya A20 ikishafunguliwa, ile inayozuia kumbukumbu iliyo juu ya MB 1. B, jedwali la GDT, linaloieleza prosesa segmenti za kumbukumbu, likishapakiwa. U inaandikwa ukiwa tayari kwenye biti 32. Skrini ikikwama kwenye KAR, unajua ni A20, huna haja ya kubahatisha.

Ndani ya QEMU, programu inayoigiza kompyuta, neno lilitoka zima. QEMU ni mpole mno, ndiyo sababu nikaenda mjini kutafuta laptopu ya mtumba.

"Boss, nikuwekee Windows gani?" kijana wa duka aliuliza.

"Usiweke. Nina yangu."

Alinitazama, akaitazama ile laptopu yenye kibodi iliyofutika herufi E, akanipunguzia bei. Sijui alinihurumia mimi au mashine.

Kwenye laptopu hiyo, hata K haikutokea. Hapo ndipo nilipokutana na tabia ambayo vitabu vingi vinairuka: baadhi ya BIOS zikiona flashi huidhania floppy yenye FAT (mpangilio wa kawaida wa mafaili), na huandika takwimu zao karibu na mwanzo wa sekta, juu ya msimbo wako. Dawa yake ni kuanza na amri fupi ya kuruka, kisha kuziacha baiti zote hadi ya 90 ziwe tupu, BIOS ichezee humo. Unatoa karibu moja ya sita ya nafasi yako yote kama kodi. Basi K ikatokea, na A, kisha kimya. Kusoma diski kwa mtindo wa zamani wa silinda, kichwa na sekta kunategemea BIOS imeamua flashi yako ina umbo gani, na kila mtengenezaji ana uamuzi wake. Nikahamia huduma 0x42 ya katizo 0x13 (mlango wa BIOS wa kufikia diski), ambayo unaitajia tu namba ya sekta. Namba ya diski yenyewe usiibuni. BIOS huiacha kwenye rejista DL.

Zilizobaki zilipita bila ugomvi. U ndiyo niliyoipenda kuliko zote, kwa sababu ukishaingia biti 32 huduma za BIOS hazikufai tena. Unaandika mwenyewe kwenye 0xB8000, kumbukumbu ya skrini, baiti moja ya herufi, moja ya rangi. Tano za kwanza ni za kijivu. U nimeipaka njano.

Najua njia hii inazeeka. Mashine mpya zina UEFI, mrithi wa BIOS: unaweka faili BOOTX64.EFI kwenye folda ya EFI/BOOT ndani ya kizigeu cha FAT, na inakukabidhi prosesa ikiwa tayari kwenye biti 64. Hakuna baiti 512, hakuna A20. Lakini mashine ninazoweza kuzinunua mimi mjini Kampala bado nyingi zinaielewa BIOS, kwa hiyo sina haraka.

Sasa ni zamu ya IDT, jedwali linaloieleza prosesa iende wapi katizo likitokea. Bila jedwali hilo, ukiruhusu makatizo (ishara za vifaa kuiita prosesa) na kugusa kibodi, prosesa haipati pa kwenda na laptopu inajiwasha upya. Nimezima makatizo kwa sasa, na kibodi haijibu chochote, yenye E wala isiyo na E.