Victory imefunguka: fito, kutu na ubishi wa gereji

Imefunguka! Silinda ya Victory, rivolva yangu ya kale iliyokwama, ilitoka ubavuni jana usiku, na mpaka sasa mikono yangu inanuka asetoni. Najua niliahidi kwamba safari hii nitaandika habari za mbao za mpini. Zitasubiri. Hii fito ya kutolea maganda ya risasi imenitesa kiasi kwamba nisipoitoa kifuani sitafanya kazi nyingine.

Kwa ambaye hakuwepo: ni Smith & Wesson ya wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, zile za 1942 hadi 1945 zenye herufi V mbele ya namba. Mtutu wa inchi tano, kaliba (kipimo cha risasi) ya .38/200 waliyoitaka Waingereza, rangi ya jeshi isiyong'aa, mbao laini zisizo na nakshi, na pete ya kamba chini ya kitako. Zaidi ya nusu milioni ya rivolva hizi zilivuka bahari kwenda Uingereza na nchi za himaya yake. Yangu ilienda, ikarudi Marekani miaka ya baadaye kama mtumba, ikaishia kwenye droo ya mtu, kisha hapa Louisville, Kentucky, kwangu. Imepita miaka 50, kwa hiyo sheria ya hapa inaihesabu kuwa kitu cha makusanyo, na leseni yangu ya ukusanyaji (dola 30 kwa miaka mitatu) inaniruhusu kuipokea mlangoni moja kwa moja. Sharti niiandike kwenye daftari. Daftari nitalirudia, maana limezua maneno.

Sasa fito. Wenzangu wa Smith & Wesson mnajua kwamba fito ya kutolea maganda kwenye hizi za zamani ina meno ya skrubu ya kulia, yale ya kawaida. Kiwanda kilikuja kugeuza meno yakawa ya kushoto miaka mingi baada ya vita, kwa sababu hizi za kulia zinajilegeza zenyewe kadiri unavyopiga. Ikilegea, fito inarefuka kwenda mbele, inabana kwenye ule mdomo ulio chini ya mtutu, na silinda haitoki tena. Tatizo la kawaida kabisa. Unashika ncha ya fito, unaikaza robo mzunguko, silinda inafunguka, unakunywa chai.

Yangu ilikuwa imelegea nusu, halafu ikashikwa na kutu hapohapo ilipofika. Haikazi na hailegei. Ndani kulikuwa na grisi ya kuhifadhia ya jeshi iliyogeuka lami, na juu ya lami kutu. Kitufe cha kidole gumba kinasukuma, kinagonga, kinarudi. Silinda imekaa.

Kabla ya yote nilihakikisha ni tupu. Kitu kilichojifunga ndicho cha kuogopa zaidi, kwa sababu huwezi kukifungua ukaona. Tochi kwenye vyumba vya risasi kutoka mbele, kimoja baada ya kingine, kisha jicho kwenye ule upenyo wa nyuma kati ya silinda na fremu kutafuta ukingo wa ganda. Hakuna. Nikamwita mzee jirani naye akaangalia. Nikaangalia tena.

Sasa sikilizeni mtego ulipo. Ukitaka kuzungusha fito kwa nguvu, nguvu hiyo inaishia kwenye ile nyota ya nyuma inayosukuma maganda. Nyota hiyo imeshikwa na silinda kwa vipini viwili vyembamba. Ndiyo maana kila fundi atakwambia uweke maganda matupu kwenye vyumba kwanza, ili yabebe mzigo na vipini visikatike. Lakini ili niweke maganda lazima silinda iwe wazi, na ili iwe wazi lazima nizungushe fito! Niliwahi kukaa mbele ya jiliwa nikacheka peke yangu.

Njia ya pili ni kupenyeza jani jembamba la fila (geji ya kupimia mianya) kati ya ncha ya fito na mdomo wa mbele, usukume kile kichuma cha kufungia kirudi ndani. Jani dogo kuliko yote niliyonayo ni la milimita 0.05. Lilikunjika kama karatasi ya sigara. Hakuna upenyo hata wa hilo.

Njia ya tatu, wanaoshauri kutoa skrubu ya mbele ya bamba la ubavuni ili mkono wa silinda uteleze nje: hautelezi silinda ikiwa imefungwa. Mnaoshauri hivyo, mmewahi kweli kushika moja iliyokwama?

Ikabaki mafuta, joto na subira. Hapa nina maneno na lile kopo la bluu la WD-40 ambalo kila nyumba inalo. Linafaa kufukuza maji na kunyamazisha bawaba za mlango. Kupenya kutu ya miaka sabini, halipenyi. Nilichanganya mafuta ya giaboksi ya otomatiki na asetoni, nusu kwa nusu, kwenye kichupa cha kioo, nikafunga bastola kwenye jiliwa mtutu ukitazama juu, nikawa nadondosha tone pale fito inapoingilia, asubuhi kabla ya kazi na usiku baada ya watoto kulala. Mchanganyiko huu unajitenga, lazima utikise kila mara, na mlango wa gereji uwe wazi kwa sababu asetoni haina mzaha na moto. Siku ya kupasha joto unaondoa mafuta yote kwanza, unafuta, unasubiri mvuke uishe, ndipo unawasha bunduki ya hewa ya moto kwa kiwango cha chini. Pasha joto, acha ipoe, dondosha tena. Kuna wakati nilihisi mke wangu anaionea wivu.

Kuhusu koleo: nililitupa la kawaida mapema, meno yake yanatafuna nakshi ya ncha ya fito na hapo thamani imekwenda. Nilitumia dogo lenye taya za shaba, na kipande cha ngozi ya mkanda wa zamani katikati. Na bisibisi, jamani, nunueni zilizosagwa ncha zikawa sambamba, zijae mfereji wa skrubu wote. Hizi za umbo la kabari zinapanda, zinaruka, zinaacha kovu. Nusu ya rivolva ninazoziona kwenye maonyesho ya hapa zina skrubu zilizoliwa na kabari.

Jana ilikubali. Hakuna mlio, hakuna kishindo. Nilihisi tu kwenye kidole kitu kinalainika, nikadhani ngozi imeteleza. Nikaweka alama ya wino mweupe kwenye fito na kwenye mkono wa silinda, nikageuza tena: alama zimeachana. Robo. Nusu. Nikabonyeza kitufe, silinda ikaanguka kushoto na ule uzito wake mzuri. Nilipiga kelele mpaka taa ya jirani ikawaka.

Kazi iliyobaki ilikuwa ya mteremko. Maganda matupu ndani, fito nje, meno yamesafishwa kwa brashi, kila kitu kimerudi. Silinda ilikuwa bado inabana sehemu moja kila mzunguko. Nikaiviringisha fito kwenye kioo nikaona mwanga chini yake katikati, imepinda unywele. Nyundo ya shaba, vigongo vidogo, kioo tena. Imenyooka vya kutosha. Chini ya nyota nilikuta punje za baruti ambayo haikuungua, zimekauka humo tangu nani ajuaye alipoipiga mara ya mwisho.

Hapo ndipo mambo ya nyumbani yalipobadilika, na sikuyategemea. Wakati imekwama, ilikaa juu ya meza ya gereji na hakuna aliyeisemesha. Mke wangu aliita "chuma chako". Leo asubuhi nilimwonyesha silinda inavyozunguka, tiki tiki tiki, akaangalia, akaniambia: "Basi sasa ni bastola. Ufunguo wa sefu nipe mimi." Nimempa. Sina hoja ya kumpinga.

Kwenye mikutano yetu ya wakusanyaji kuna msemo wa kila siku: hizi ni historia, si silaha. Nimeusema mwenyewe. Ila chukua hii hii Victory. Mwaka 1944 moja ilianguka kwenye sitaha ya meli ya kivita ya Marekani, ikafyatuka, ikamuua baharia. Kiwanda kikabadili haraka kizuizi cha nyundo, kile kinachoizuia isifyatuke yenyewe, na zilizopata kizuizi kipya zikapewa herufi SV. Yangu ni V tupu, ina kizuizi cha zamani, kilekile ambacho grisi kavu ilikuwa inakizuia kufanya kazi. Uzee haujaipunguzia kitu. Waingereza nao, waliopiga marufuku bastola karibu zote mwaka 1997 baada ya mauaji ya shule ya Dunblane, waliacha mlango kwa bunduki za kale zenye kaliba ambazo risasi zake hazitengenezwi tena. Wahalifu wakaupata mlango huo, wakawa wanatengenezewa risasi. Mwaka 2021 serikali ikaondoa kaliba saba kwenye orodha, .44 Russian na .41 Colt zikiwemo. Wakusanyaji waliumia, na nawaelewa, lakini kilichotokea kilitokea.

Jumamosi iliyopita tulikuwa watatu gereji. Mzee jirani, aliyekuwa jeshi la majini, ana bunduki nyingi kuliko viatu na ni mtu mwema kupindukia. Kwake bunduki ni haki, na Mahakama ya Juu ya Marekani ilishasema mwaka 2008 kwenye kesi ya Heller kwamba ni haki ya mtu binafsi, mjadala umefungwa. Wa pili ni ndugu yetu kutoka Uvira, Kongo, mtu wa kanisani kwetu. Alisimama karibu na mlango muda wote. Nikamwambia njoo ushike, haina risasi. "Hiyo kitu mi sigusi, ndugu."

Mzee akamwambia kwa upole kwamba pengine kama kijiji chao kingekuwa na bunduki wasingekimbia. Nikatafsiri. Jamaa akanitazama mimi, si mzee: "Mwambie tulikuwa nazo. Mai-Mai, wale wanamgambo, walikuwa vijana wa kwetu. Walianza kwa kutulinda, halafu wakaanza kutuomba mbuzi, halafu wakaacha kuomba." Mzee alikaa kimya kidogo, akauliza jina la mji tena, akaandika mkononi kwa kalamu.

Mama yangu Muheza ana msimamo wake: bunduki ni ya polisi na bwana nyama. Mjomba alikuwa na gobore la kufukuzia nguruwe shambani, na mama hakuingia nyumba hiyo mpaka lilipotolewa. Nilipomwambia kwamba hapa Kentucky, tangu 2019, mtu wa miaka 21 na zaidi anayeruhusiwa kumiliki anaweza kutembea na bastola chini ya shati bila kibali, alidhani simu inakatakata. Nyumbani Tanzania, chini ya sheria ya silaha ya 2015, safari ya kupata leseni inapitia ofisi nyingi kiasi kwamba wengi huishia njiani.

Na daftari, basi. Mimi, kwa bastola ya vita vya pili ambayo mpaka jana haikuweza hata kufunguka, nalazimika kuandika namba, tarehe, nimeipata kwa nani. Mzee jirani anaweza kumuuzia mkazi mwenzake wa Kentucky bastola mpya kabisa kwenye maegesho ya supamaketi bila karatasi yoyote, na sheria haina neno. Mzee anaona daftari langu ndilo kosa. Mimi naona maegesho ndiyo kosa. Mji huu ulizika watu watano waliouawa benki Aprili 2023, kwa bunduki iliyonunuliwa kihalali siku chache kabla, na sheria ya jimbo inataka silaha zilizokamatwa zipigwe mnada badala ya kuharibiwa. Meya Craig Greenberg, ambaye mwenyewe alifyatuliwa risasi ofisini 2022 ikamkwaruza sweta tu, alilalamika hadharani. Mzee alikubali kwamba hilo la mnada halimpendezi. Ndipo tulipofika, hatukwenda mbele zaidi.

Nilipanga wiki hii nianze mbao, kisha rangi. Rangi nimeifuta kwenye mpango. Mikwaruzo yote inabaki. Kilichoniteka sasa ni mihuri. Baada ya kusafisha mtutu kwa brashi laini imejitokeza ya ofisi ya kupima silaha ya Birmingham, Uingereza: taji, BNP (alama kwamba ilipimwa), halafu ".38 .767" na "3½ TONS". Hiyo .767 ni urefu wa ganda kwa inchi, na tani ni shinikizo kwa kila inchi ya mraba. Maana yake ilipimwa Uingereza ilipokuwa inauzwa kwa raia, na wakati huo ilikuwa bado ni .38/200 safi.

Lakini nimedondosha ganda tupu la .38 Special, risasi ndefu zaidi ya Kimarekani, lenye urefu wa inchi 1.155, likazama mpaka ukingoni. Vyumba vyote sita. Kwa hiyo baada ya mhuri huo kuna mtu aliingiza kekee akaongeza urefu ili auze kwa Wamarekani, na ganda la Special ni jembamba kuliko chumba chenyewe, litavimba au litapasuka. Mpango wa kwenda kuipiga kwenye uwanja wa shabaha umekufa hapo. Mzee anasema anajua mtu mwenye silinda ya .38/200 ambayo haijachezewa. Mke wangu amesikia, ameuliza silinda bila bastola inahesabiwa kuwa nini kisheria. Ni kipuri tu, nimemjibu. Akaniuliza kama na yenyewe itaingia sefu.