Maumivu ya paja yaliyotoka tumboni

Nikiwa daktari mwanafunzi katika mwaka wa mazoezi, nilimpokea bibi wa miaka 84, mwembamba sana, aliyeletwa na binti yake kwa maumivu ya paja la kulia yaliyoshuka upande wa ndani hadi gotini. Kutapika kulitajwa mwishoni kabisa, na kwa kuwa tumbo lilikuwa laini na bibi alikuwa bado akijamba, nililikagua goti, nikaandika ugonjwa wa viungo na kumpa dawa ya maumivu.

Baada ya siku mbili alirudishwa akitapika matapishi yenye harufu ya choo. Daktari wa upasuaji aliunyoosha mguu ule na kuuzungushia ndani, bibi akalia kwa maumivu, alipoukunja, yakapungua. Ndiyo dalili ya Howship na Romberg, ishara ya ngiri ya obtureta.

Utumbo ulikuwa umenasa katika tundu la obtureta, njia nyembamba kwenye mfupa wa nyonga ambamo hupita neva ya kuelekea upande wa ndani wa paja, hivyo neva ikibanwa mgonjwa huulalamikia mguu. Mafuta ndiyo yanayolijaza tundu hilo, nayo hupungua mtu anapokonda, na kwa kuwa nyonga za wanawake ni pana zaidi, ngiri hii huwapata hasa vikongwe wembamba. Uvimbe wake hufichwa na misuli ya paja, kwa hiyo kupapasa kinena hakutoshi. Tena mara nyingi hunasa sehemu tu ya ukuta wa utumbo: hewa huendelea kupita huku sehemu iliyobanwa ikioza, na kujamba kule ndiko kulikonidanganya.

Kuharisha nako hudanganya kwamba utumbo haujaziba. Choo kigumu kikiziba njia, choo cha majimaji hupenya pembeni yake, na mzee hupewa dawa ya kuzuia kuharisha, inayozidisha kuziba, ilhali kidole chenye glavu kikiingizwa njia ya haja kubwa kingemaliza ubishi. (Uchunguzi huo tunauruka kwa haya zetu, si za mgonjwa.) Wala tusisubiri homa au tumbo kukakamaa, kwa sababu katika umri huo huenda visitokee hata utumbo ukiwa umeshaoza.

Penye siti skani, mashine ya kupiga picha za ndani ya mwili, picha ishuke hadi sehemu ya juu ya mapaja. Kwa bibi yule hatukuwa na mashine hiyo. Eksrei ya tumbo ilionyesha utumbo mwembamba uliotanuka, naye akapasuliwa usiku uleule.