Wazee wakiridhiana Lamu, amri ya mahakama ya Marekani haijabadilika

Sisi tuliolelewa Lamu tunajua uzito wa kikao cha wazee. Wazazi wakiachana, ami na wajomba hukaa, husikilizana, na wanaloridhiana hushikwa. Ndiyo sababu huniuma kuona ndugu zetu hapa Columbus, Ohio, wakiamini kwamba makubaliano ya namna hiyo yanatosha kubadilisha amri ya mahakama ya huku kuhusu matunzo ya mtoto.

Ndugu yetu mmoja alipunguziwa saa za kazi. Familia mbili, moja ya Langoni na nyingine ya Mkomani, mitaa ya mji wa Lamu, zikazungumza kwa simu, na mama wa mtoto akaridhia kwa moyo safi apokee nusu ya kiasi cha awali mpaka hali itengemae. Baadaye mtoto akapelekwa Shela, kijiji cha Lamu, kwa bibi yake, na baba akawa anatuma karo na fedha za chakula kwa M-Pesa, moja kwa moja kwa bibi. Ulikuwa wema mtupu, lakini hakuna lililomfikia karani wa mahakama, kwa hiyo kiasi kilekile cha zamani kiliendelea kuhesabiwa, mwezi baada ya mwezi, na pengo likawa deni.

Deni hilo hakimu hana uwezo wa kulifuta. Kwa sheria ya shirikisho ya mwaka 1986, kila malipo yakifikia siku yake bila kulipwa huwa na nguvu ya hukumu, na nafuu ya kupunguziwa malipo haiwezi kurudi nyuma kupita tarehe ambayo mzazi wa pili alipewa taarifa ya ombi la kubadilisha amri, hata kama kazi ilipungua zamani. Basi ombi lipelekwe wiki ileile mshahara unaposhuka, hata kabla ya kupata wakili. Deni likizidi dola 2,500, aliyechukua uraia hunyimwa pasipoti ya Marekani, na safari ya kwenda Lamu kwa Maulidi ya Mfungo Sita ikamshinda.

Ridhaa ya wazee isitupwe. Iandikwe, wazazi wote wawili watie saini, ipelekwe kwa hakimu aiidhinishe pamoja na karatasi za mshahara, barua ya mwajiri na barua ya shule ya Lamu inayoonyesha mtoto anaishi kwa nani. Mpaka hakimu atie saini amri mpya, kiasi cha zamani kilipwe kupitia ofisi iliyotajwa katika amri, na kinachotumwa kwa bibi kihesabiwe kuwa ziada.